Monita ipi inaoana na kadi yako ya kati: mwongozo kamili kwa wachezaji gemu wa Malindi na Lamu

Kila baada ya siku mbili tatu lazima nipate vois, "Yakhe, nimepata monita inchi 32, bei poa, nichukue?" Namrudishia swali moja tu, kadi yako ya picha (GPU, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora gemu) ni gani na wacheza nini? Kimya. Kesho yake natumiwa picha, monita ishawekwa mezani, kitambaa cha kudarizi chini yake. Haya, mabruki, lakini wiki haiishi utasikia "mbona gemu inakwamakwama" ama "mbona maandishi yamepasukapasuka hivi".

Monita ya gemu hainunuliwi kwa inchi, wala kwa vile kartoni imeandikwa. Inanunuliwa kwa fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) ambazo kadi yako inatoa kwenye gemu zako wewe, kwenye kompyuta yako wewe, si ya yule jamaa wa YouTube mwenye prosesa ya pesa za kununua ng'ombe. Mimi niko Malindi, binamu yangu yuko Lamu, na kati yetu wawili hakuna kosa la monita ambalo hatujalifanya, kwa hivyo kaa nikueleze hatua kwa hatua. Mwenye haraka aende kwa hatua ya pili, hiyo ndiyo roho ya maneno yote.

Hatua ya 1: Jua kadi yako ni nani

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Performance, shuka chini mpaka GPU, jina liko pale juu kulia. Ukiona mbili, moja huwa ni ile ya ndani ya prosesa, hiyo iache.

Nikisema kadi ya kati nazungumzia hizi: RX 6600, RX 7600, RTX 3060, RTX 4060, Arc B580 (RX ni za AMD, RTX na GTX za Nvidia, Arc ya Intel). Juu yao kidogo kuna RTX 4060 Ti, RX 6700 XT na RX 7700 XT. Chini kidogo kuna wazee wetu, RX 580 ya 2017 na GTX 1660 Super ya 2019, ambao bado wanavuta jembe alhamdulillah.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Kioo cha 1080p kina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Cha 1440p kina 3,686,400. Cha 4K kina 8,294,400, mara nne ya 1080p kamili. Kadi yako inazichora hizo zote, alafu inafuta inachora tena, mara 60 ama 100 kwa kila sekunde. Ni kama fundi mmoja wa kupaka chokaa, ukimpa ukuta mmoja saa nne asubuhi ashamaliza anakunywa chai, ukimpa kuta nne na siku ni ileile, ntakuachia wewe useme utapata kazi gani. Fundi si mbaya, ni wewe umempa nyumba nzima.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kununua, na hii ni bure

Hapa ndipo watu huruka na ndipo pesa hupotelea, kwa hivyo ntakaa hapa kidogo.

Kama unacheza kupitia Steam, ingia kwa setingi zake uwashe kihesabu fremu, namba itakaa pembeni mwa skrini. Ukitaka kuona zaidi weka MSI Afterburner, ni ya bure, itakuonyesha fremu, joto la kadi, na kitu muhimu kuliko vyote, asilimia ya kadi inayotumika. Cheza dakika 20 hivi, tena cheza ile sehemu nzito, mjini kwenye watu na magari na moshi, si pale unapoangalia ukuta. Chukua kalamu, andika mbili: namba inayokaa sana, na namba ya chini ukiwa kwenye fujo. Fanya hivyo kwa gemu zako tatu unazocheza kweli.

Kwangu mimi na RTX 3060 kwa 1080p, Counter-Strike 2 ilikuwa inapita 150 bila jasho setingi zikiwa chini, Cyberpunk 2077 bila ray tracing (ile setingi nzito ya mwanga na vivuli) ilikuwa inazunguka 60 na kitu. Kadi moja, kompyuta moja, gemu mbili ni dunia mbili. Ndio maana mtu akiniuliza "3060 inataka monita gani" bila kuniambia anacheza nini, ananiuliza mashua hii yaenda mwendo gani bila kuniambia upepo.

Alafu angalia ile asilimia ya kadi. Ikiwa 95 mpaka 99, kadi ndiyo inafanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake, sawa. Ikiwa 60 na fremu ni chache, kadi imekaa inangoja prosesa. Hilo ndilo lilimpata binamu yangu, ana RX 6600 nzuri kabisa lakini prosesa yake ni i5 ya kizazi cha nne, mzee wa makamo, kwenye mtaa wenye watu wengi kadi inashuka mpaka 55 asilimia na fremu zimekwama 70. Yeye alikuwa anataka monita ya hezi 240, yaani ya kubadilisha picha mara 240 kwa sekunde! Nikamwambia ndugu yangu, hezi 240 ntakupa za kufanyia nini na prosesa inakupa 70? Na ajabu ya hali kama hiyo ni kwamba yeye ndiye anaweza kupanda 1440p karibu bila kupoteza fremu, manake kadi ina nguvu imebaki haina kazi, na rizolusheni kubwa humpa kazi kadi, si prosesa. Watu wengi hudhani ni kinyume.

Sasa ule ujanja. Unaweza kujaribu 1440p kwenye monita yako hiyohiyo ya 1080p kabla hujatoa hata shilingi. Kwa Nvidia fungua Nvidia Control Panel, Manage 3D settings, tafuta DSR, weka tiki kwa 1.78x, hiyo ndiyo 1440p yenyewe. Kwa AMD fungua programu ya Adrenalin, upande wa display, washa Virtual Super Resolution. Ukiingia ndani ya gemu utaona 2560 kwa 1440 imeongezeka kwenye orodha, ichague, cheza, andika fremu. Picha haitakuwa nzuri kama ya monita ya kweli, hilo usijali, kadi inafanya kazi ileile na hizo fremu ndizo utakazozipata. Kwa kawaida utashuka robo mpaka theluthi hivi. Ukiona bado unaridhika, haya, 1440p ni yako. Ukiona imekuwa slaidi za harusi, umeokoa pesa.

Hatua ya 3: Oanisha

Kabla ya kuoanisha, elewa hezi. Monita ya hezi 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ya 144 kila 6.9. Ya 240 kila 4.2. Kutoka 60 kwenda 144 umepunguza karibu milisekunde 10, hata mamako akipita nyuma yako akaona kipanya kinatembea atauliza umefanya nini. Kutoka 144 kwenda 240 hata 3 hazifiki. Kwa kadi ya kati, utamu wote uko kati ya 144 na 180, zaidi ya hapo ni kununua barabara ya gari ambalo huna.

RX 580 na GTX 1660 Super: 1080p, inchi 24, hezi kuanzia 75 mpaka 144. Hapo hakuna mjadala.

RTX 4060 Ti, RX 6700 XT, RX 7700 XT: 1440p, inchi 27, hezi 144 na kuendelea. Hapo pia mjadala ni mdogo.

Ubishi wote uko katikati, RX 6600, RX 7600, RTX 3060, RTX 4060, Arc B580. Mimi nasema hivi. Kama maisha yako ni Valorant, CS2, Fortnite, vitu vya kurushiana risasi na kutukanana, chukua 1080p ya hezi 144 mpaka 180 na usiangalie nyuma. Kama unapenda gemu za hadithi, za kutembea porini kuangalia machweo, na kompyuta hiyo pia wafanyia kazi, 1440p itakufurahisha zaidi, ila ujue kwenye gemu mpya utategemea DLSS ama FSR. Hizo ni njia za kuchora picha ndogo alafu kuikuza. Ukiweka Quality kwa 1440p kadi huwa inachora 1706 kwa 960 tu, iliyobaki inajaziwa, na matokeo ni mazuri mno, jicho la kawaida halitagundua. Ukifanya hivyohivyo kwa 1080p ndani kwa ndani inachora 1280 kwa 720, na hapo ukungu unaonekana. DLSS ni ya RTX peke yake, FSR ya 2 na ya 3 zinakubali kadi karibu zote.

Kuna jambo la memori ya kadi pia. RTX 4060, RX 6600 na RX 7600 zina GB 8. Kwa 1440p kwenye gemu mpya, ukipandisha tekscha (zile picha za kuta, nguo na ardhi) mpaka juu kabisa memori hujaa na gemu huanza kushtukashtuka hata kama wastani wa fremu ni mzuri, shusha tekscha ngazi moja tu na mambo yatatulia. RTX 3060 ya GB 12 haina presha hiyo, ingawa kwa mbio 4060 inaishinda. Dunia haina usawa.

Na zile fremu za kutengenezwa, frame generation, usizihesabu ukipima. Zinalainisha macho lakini mkono hauzisikii, ukibonyeza bado unangoja kama ni fremu zako za asili. Anza na 60 za kweli ndio uziongeze.

4K kwa kadi ya kati? La. Binamu alikuwa keshashika TV ya inchi 43 ya 4K, nikamkatalia kwa simu mpaka salio likaisha. Kama TV iko nyumbani tayari, itie 1080p na uwashe ile hali yake ya gemu ili isichelewe, 1080p inaingia kwa 4K sawasawa, pikseli moja inakuwa nne, picha haiharibiki sana. Lakini kuinunua makusudi kwa ajili ya hiyo kadi, hapana.

Hatua ya 4: Inchi, na chumba chako

1080p mwisho wake ni inchi 24. Kwa 24 unapata pikseli kama 92 kwa kila inchi, kwa 27 zinashuka mpaka 82, kwa 32 zinakuwa 69 na hapo ukikaa karibu utahesabu pikseli kama kokwa za tende. 1440p inakaa vizuri kwa 27, pikseli 109 kwa inchi. 1440p ya inchi 32 inarudi kule kwa 92, si mbaya ukikaa mbali.

Na kukaa mbali ndio kipimo cha nyumba zetu. Nyumba za mawe za Lamu vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haziendi mbali, kama mita mbili na nusu na kidogo basi. Ukiweka meza kwa ukuta na kiti na mtu apite nyuma, uso wako uko sentimita 60 kutoka kwa kioo. Hapo 27 ni mwisho, 32 utakuwa unageuza shingo kama uko mstari wa mbele kwenye maulidi.

Hatua ya 5: Aina ya kioo

IPS: rangi nzuri, ukiangalia kwa pembeni haibadiliki, lakini nyeusi yake ni kijivukijivu, kontrasti ni kama 1000 kwa 1. VA: nyeusi ni nyeusi kweli, 3000 kwa 1 hivi, lakini kwenye giza vitu vikikimbia huacha michirizi nyuma kama wino uliopanguswa na mkono. TN: ya zamani, ya bei rahisi, ukisimama tu rangi zimebadilika. OLED: nzuri balaa, lakini mwenye kadi ya kati pesa hizo azipeleke kwa kadi.

Hapa mimi na binamu tunatofautiana na sote tuko sawa. Chumba chake kina kuta nene za matumbawe na kidirisha kimoja, saa sita mchana ni giza la magharibi, na yeye hucheza gemu za hadithi na za kutisha. VA kwake ni kama imetengenezwa kwa chumba kile. Mimi dirisha langu linatazama mashariki, jua la Malindi likipanda linaingia mpaka kitandani, nyeusi nzuri ntaiona saa ngapi? Nilichohitaji mimi ni mwangaza. Kwenye maelezo ya monita tafuta neno niti, ndicho kipimo cha mwangaza, 250 kwa chumba kama changu ni kidogo, nenda 300 ama 350 na zaidi, na kioo kisiwe cha kung'aa, kiwe kile kisichorudisha taswira, la sivyo utacheza ukijiangalia sura.

Kuna vitu viwili kwenye kartoni uvisome ukitabasamu. Cha kwanza ni "HDR", ile ahadi ya mwanga mkali na giza zito kwenye picha moja. Monita nyingi za bei zetu zina DisplayHDR 400 ama hazina hata hiyo, na taa yake ya nyuma inawaka yote kwa pamoja, kwa hivyo usiongeze hata mia kwa ajili ya hiyo stika. Cha pili ni "1ms". Uliza ni 1ms ya namna gani. Ikiwa ni MPRT, maana yake wanaizimazima taa ya nyuma haraka haraka ili jicho lione picha iko wazi, na mara nyingi ukiwasha hiyo mwangaza unashuka na FreeSync (ntaieleza hatua ya 6) inazimika. Ikiwa ni GtG, ni kasi ya pikseli kubadilika kijivu kimoja mpaka kingine, na hiyo 1ms huipata ikisukumwa mpaka mwisho ambapo vitu vinaanza kutoa vivuli vya ajabu.

Iliyopindwa ama iliyonyooka, chagua roho inavyopenda.

Hatua ya 6: FreeSync si hiari

Kadi ya kati haitoi fremu sawa kila wakati, mara 90, mara 65, mara 110. Monita ikiwa na mdundo wake na kadi ina mdundo wake, picha hukatika katikati, juu iko fremu moja na chini nyingine. FreeSync ya AMD ama G-Sync ya Nvidia inaifanya monita ingoje kadi. Nvidia tangu Januari 2019 zinakubali FreeSync nyingi kupitia DisplayPort, kwa hivyo huna haja ya kulipia monita yenye chipu ya G-Sync.

Lakini soma masafa yake. Monita ya 48 mpaka 144 ni nzuri, manake fremu zikishuka 40 monita hurudia kila fremu mara mbili inakuwa 80, unabaki ndani. Ya 48 mpaka 75 haina nafasi hiyo, 40 ikirudiwa ni 80, imeshapita 75, kwa hivyo ukishuka chini ya 48 umerudi palepale pa kukatika. Na wewe mwenye kadi ya kati ndiye utakayeshuka, si mwenye kadi ya matajiri.

Hatua ya 7: Waya

Tumia DisplayPort. DisplayPort 1.2 inabeba 1440p hezi 144 bila shida, na kadi zote hizi zina 1.4 au juu yake. HDMI 2.0 nayo inafika 1440p hezi 144, lakini HDMI 1.4 haifiki huko. Na VGA, ile ya bluu ya skrubu mbili, kadi za sasa hazina kabisa, ukiuziwa monita yenye VGA peke yake basi umeuziwa ya kamera za ulinzi.

Hatua ya 8: Dukani

Nenda na laptopu yako na waya wako. Kwenye laptopu weka picha tano za rangi tupu: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi. Usione haya, pesa ni zako.

Kuna duka moja niliingia, silitaji, jamaa ananiambia "hii ni 144 ami yangu, hata kartoni si umeona?" Kartoni kweli ilikuwa 144, nzuri, ina picha ya joka. Nikachomeka laptopu, nikaenda kwa Settings, System, Display, Advanced display, nikafungua orodha ya hezi: 60 na 75, basi. Nikaigeuza nikasoma stika ya nyuma, namba ya modeli na ya kartoni si moja, herufi mbili za mwisho tofauti. Jamaa akasema "aah, zimechanganyika stoo". Inawezekana kweli zilichanganyika, simshuku mtu, lakini kama nisingegeuza ningekuwa nimebeba 75 kwa bei ya 144. Kwa hivyo stika ya nyuma ndiyo cheti cha kuzaliwa, kartoni ni shahada ya kununua. Andika namba yote ya modeli, herufi zote, itafute kwenye intaneti papo hapo.

Angalizo, laptopu ya zamani yenye HDMI 1.4 mwisho wake ni kama 120 kwa 1080p, kwa hivyo ukikosa kuona 144 usimrukie mtu kooni, soma modeli kwanza.

Alafu pitisha rangi zako. Kwenye nyeupe tafuta nukta nyeusi, kwenye nyeusi tafuta nukta inayowaka. Kwenye nyeusi pia waombe wafunge pazia, angalia kona, mwanga kidogo wa kuvuja kwa IPS ni kawaida, ukiwa kama taa ya karabai iache. Fungua TestUFO, tovuti ya kupima mwendo wa picha, kama kuna intaneti, uone vinavyokimbia vinaacha mkia gani. Bonyeza vitufe vyote vya menyu. Tikisa stendi. Kwa za mtumba toka Uingereza ama Dubai chungulia ndani ya poti kwa tochi ya simu, ukiona ukijaniukijani hiyo ni kutu, imekaa pwani kabla yako. Uliza plagi, zetu ni za pini tatu za mraba, na kama ina adapta ya nje mimi naipenda zaidi, stima ikicheza ikaua kitu itaua adapta, utanunua nyingine, kuliko kufungua monita nzima kwa fundi.

Zote zikikubali ndio utume M-Pesa, na risiti iandikwe namba ya seriali ya monita, si "monita 1".

Hatua ya 9: Kama unaenda Lamu

Ya binamu tuliipeleka mimi na yeye. Kartoni tuliizungushia nailoni mara tatu, tukaandika kwa maka mweusi JUU na mshale, na kwenye basi nikakataa isiingie chini kwenye buti na magunia ya mchele, nikaishikilia magotini Garsen, Witu, mpaka Mokowe, utingo ananiangalia kama nimebeba bibi harusi. Monita isimamishwe wima, isilazwe kifudifudi na kitu juu. Ndani ya mashua kaa katikati si mbele, manake kusi likivuma maji yanaruka yanakuja na chumvi yake, na nailoni ndiyo itakuokoa. Ukishuka gatini, hamali atakuja, punda watakuwepo. Hamali sawa. Punda pia sawa kwa saruji na matofali, kwa kioo hapana, zile njia za mji wa kale ni nyembamba na punda hajui kuomba radhi akikwaruza ukuta.

Ukifika, iache kwenye kartoni saa moja ama mbili kabla ya kuiwasha, itoke jasho kwanza.

Hatua ya 10: Ukiiwasha

Chomeka waya kwenye kadi, si kwenye poti za juu za ubao mama. Usicheke, wengi wamefanya.

Alafu rudi kwa Advanced display na uchague hezi kwa mkono. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi nilikaa miezi mitatu na monita ya 165 inatembea 60, Windows ilijichagulia yenyewe, na mimi nilikuwa nikiwaita watu waje waone vile ilivyo laini! Walikuwa wanaitikia tu. Siku nimegundua sikumwambia mtu.

Washa FreeSync ndani ya menyu ya monita yenyewe, kisha kwa Nvidia Control Panel ama Adrenalin, zote mbili, moja peke yake haitoshi. Funga fremu zako chini kidogo ya hezi, kwa monita ya 144 weka 141, ili usitoke nje ya masafa. Ovadraivu, ile setingi ya menyu ya kuharakisha pikseli, iweke katikati, kule mwisho ni vivuli. Mwangaza wa kiwandani huwa ni wa kuuzia dukani, ushushe mpaka karatasi nyeupe ukiishika kando ya kioo zifanane.

Chumvi sasa. Kwa sisi wa ufukweni kioo hufanya ukungu wa mafuta mafuta kila wiki. Futa na kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya chupa, si maji ya kisima, ya kwetu yenyewe yana chumvi, na si dawa za kusafishia madirisha, zinakula ule mpako wa juu. Usiku ikipoa funika na leso. Kwa stima weka kile kifaa cha kulinda friji angalau, UPS ukiweza.

Na kila miezi kadhaa chomoa waya wa DisplayPort uangalie ncha yake, ukiona imeanza kufifia ibadilishe kabla haijala poti. Nyingi zina kitufe kidogo juu ya kichwa, kibonyeze kwanza ndio uvute. Binamu alivuta kavukavu, kichwa kikabaki kwa kadi na waya mkononi, akanitumia picha bila neno lolote. Tulikitoa na koleo ya kucha ya mamake, poti ilisalimika, waya mpya aliungoja mpaka basi la kutoka Mombasa.